Fundi wa kukagua gari kabla ya kununua, Kampala: uzoefu wangu

Nilikuwa natafuta Toyota Noah ya kufanyia spesho, yaani teksi ya kukodi, nikaipata kwenye bondi moja (yadi ya kuuzia magari yaliyoagizwa nje) upande wa Nakawa. Rangi safi, injini tulivu, dashibodi haina taa hata moja. Kabla ya kutoa hela nikamwita fundi anayekuja na kompyuta yake ya kupimia. Bei yake ni laki moja, na kwa kweli nilinung'unika.

Kompyuta haikuonyesha kosa lolote. Mimi ningeishia hapo. Yeye akalala chini ya gari na tochi, akagonga kataliza, lile kopo la kwenye bomba la moshi lenye sega la kupunguza sumu, kwa nyundo ya mpira: ikalia kama sufuria tupu. Kuchomelea kulikuwa kwa juzi tu, na sensa ya pili ya oksijeni, ile inayopima moshi uliokwisha pita kwenye kataliza, ilikuwa imesimamishwa juu ya kipande cha chuma kirefu kama kidole. Hicho kipande ndicho ujanja wenyewe. Kinaiweka sensa mbali na moshi, kompyuta inaona mambo shwari, na taa ya injini haiwaki.

Gari inatoka Japani na kataliza yake. Inakatwa hapa hapa, kwa sababu lile sega la ndani limepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wanazunguka gereji kila siku. Mwenye gari anaambiwa eti itavuta vizuri na kunywa mafuta kidogo. Labda kama sega lilikuwa limeziba. Sega lililo zima ukilitoa, unachoongeza ni harufu na sumu.

Muuzaji akasema, "Lakini bosi, taa si haiwaki?" Fundi akamjibu kwa upole kwamba kituo cha ukaguzi hawaangalii taa, wanaingiza kifaa kwenye bomba la moshi na kupima kaboni monoksaidi. Kwangu hilo ndilo lilikuwa zito. Gari ya abiria bila cheti cha ukaguzi, leseni yake inakwama, na afande akikusimamisha hatamtafuta aliyekata. Atakayelipa faini ni wewe uliyeshika usukani. Tena kuna kanuni za ubora wa hewa za 2024, zinazogusa na moshi wa magari. Kataliza mpya ya asili ni mamilioni. Nikaomba bei ishuke kwa kiasi hicho, muuzaji akakataa, nikaondoka.

Kasoro za huduma zipo. Alichelewa sana bila hata kupiga simu, na ripoti yake ni karatasi ya mwandiko wa daktari. Ilibidi anisomee mstari kwa mstari. Pia hapimi moshi wenyewe, hana kifaa hicho.

Nampa nyota nne. Ukimwita, mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hamjafika, maana fundi hutaka kunusa moshi wa injini ikiwa baridi. Na uliza mapema kama bondi wataruhusu gari inyanyuliwe kwa jeki. Wengine hukataa, na hao mimi siku hizi siwarudii.