Kisanduku cha funguo cha vitufe kumi: chuma kizuri, namba chache

Nina vyumba viwili vya wageni huku Bamburi, na wengi wao huja na treni ya usiku kutoka Nairobi. Wanateremka Miritini kabla ya adhana ya alfajiri, na saa hizo mimi simwamkii mtu kumfungulia mlango. Ndipo nikanunua kisanduku cha chuma cha kuwekea funguo, kile cha kufungwa ukutani chenye vitufe 0 hadi 9. Shilingi 1,800, kwenye hadiwea mjini.

Chuma ni kizito, kifuniko cha mpira kinakaa sawasawa, na chumvi ya bahari haijakigusa mpaka leo, jambo ambalo kwetu Pwani si dogo. Skrubu za ukutani zinakazwa kwa ndani, kwa hiyo hakuna wa kuja kukibandua kwa bisibisi. Upande huo sina neno.

Neno langu liko kwenye namba. Mgeni mmoja alinipigia simu kushukuru, akaniambia huku anacheka: "Mama, umenitumia 2-5-8-9, mimi kwa usingizi nikabonyeza 9-8-5-2, na kimefunguka!" Nikajitupia leso nikaenda kujaribu mwenyewe. 5-2-9-8, wazi. 8-9-2-5, wazi.

Nikaugeuza mlango wake nione nyuma. Kuna vijiskrubu kumi, kimoja kwa kila kitufe, na kila kimoja kimechorwa mshale. Mshale ukitazama juu, kitufe chake sharti kibonyezwe. Ukitazama chini, sharti kiachwe. Basi, hakuna zaidi. Humo ndani hamna chombo cha kujua kitufe gani kilitangulia na kipi kilifuata.

Sasa twende kwenye hesabu. Kufuli la vigurudumu vinne lina namba 10 kwenye kila kigurudumu, na mpangilio unahesabika, kwa hiyo 10 × 10 × 10 × 10, njia 10,000. Hiki changu kitufe kikishazama hakibonyezeki tena, maana yake huwezi kurudia namba: 10 × 9 × 8 × 7, zinabaki 5,040. Halafu kila kundi la namba nne linaweza kupangwa kwa njia 24, na kisanduku kinazipokea zote 24 kama kitu kimoja. Gawanya: 210. Mia mbili na kumi tu, jamani, ndizo zilizosimama kati ya mwizi na kitanda changu cha mvule! Kubonyeza, kuvuta mkono na kufuta kunachukua kama sekunde kumi. Mtu mwenye subira anazimaliza zote kwa dakika 35, na huenda akabahatika mapema zaidi.

Nikarudi dukani. Kijana wa pale, mwenye adabu zake, akanipa shikamoo kisha akasema, "Mama, si uweke namba nane? Nani atazijua?" Nikamwomba kalamu. Kuchagua vitufe vinane vya kubonyeza ni sawasawa na kuchagua viwili vya kuacha, na viwili kati ya kumi huchaguliwa kwa njia 45 pekee. Ukiweka namba sita unarudi kwenye 210 ile ile. Ukiweka tisa, njia ni 10, mtoto wa chekechea atafungua. Kilele chake ni namba tano, njia 252, na hapo ndipo nilipoweka mimi. Kweli, asiyejua umeweka ngapi ana 1,023 za kujaribu, lakini hapa mtaani karibu kila mtu huweka nne na wezi wanajua hivyo.

Kuna baya zaidi, na hili karatasi ya maelezo haikuligusa. Vitufe vinavyobonyezwa kila siku huchakaa rangi. Kwenye simu, hata mtu akiziona alama za vidole kwenye tarakimu nne, bado anatakiwa kukisia mpangilio kati ya 24. Hapa akiviona vitufe vilivyofifia, amekwisha kujua kila kitu. Kwa hiyo badilisha namba mara kwa mara, na uhamie vitufe vingine kabisa; kuzipanga upya zile zile hakubadilishi chochote. Kazi yenyewe ni ndogo, bisibisi nyembamba na miwani.

Nampa fundi wa chuma nyota tano na aliyebuni namba nyota mbili. Chako kikiwa ndani ya geti lenye askari, kama changu sasa, kinatosha kabisa. Cha kuning'inia barabarani, nunua chenye vigurudumu vinne. Duka hilo hilo wanacho, shilingi 2,600, rafu ya juu nyuma ya makopo ya rangi. Ila kifungue kwanza ukitazame, kwani nilichooneshwa mimi hakikuwa na kifuniko cha mpira.