Kozi ya CAD niliyolipia mjini, na spoki zilizokataa kuwa na upana mmoja

“Bosi, programu haikosei.” Niliambiwa hivyo mbele ya darasa zima, na bado yananikaba.

Mimi ni fundi wa chuma, karakana yangu iko Kariobangi Light Industries, Nairobi. Mageti nimeyatengeneza miaka mingi kwa chaki, kamba na futi. Siku hizi mteja anakuja na picha kwenye simu na anataka kitu kilichokatwa kwa plasma, ile mashine inayokata chuma kwa joto kali, na ukimwambia huna mchoro wa kompyuta anavuka barabara kwa jirani. Ndiyo maana nikajiandikisha kwenye kozi ya wikendi ya CAD, yaani kuchora kwa kompyuta, katikati ya jiji. Jina la chuo nitaliacha. Ada nililipa yote siku ya kwanza, na ilikuwa pesa niliyokuwa nimewekea mashine mpya ya kuchomelea.

Wiki za mwanzo sina neno. Kompyuta ni nzuri, stima ikipotea jenereta inawaka, na hata sisi ambao vidole vimezoea grainda tulisubiriwa mpaka tukaizoea mausi. Tulifundishwa vitufe: huu mstari, hili duara, hiki cha kuzungusha nakala.

Kisha nikapata kazi ya mama mmoja wa Kasarani. Alitaka geti lenye gurudumu katikati, kipenyo milimita 400, spoki 6. Nikachora vilevile tulivyofundishwa. Mistari miwili inatoka kitovu cha duara, pembe ya digrii 6 kati yake, halafu nakala 6 kuzunguka digrii 360. Kwenye skrini lilipendeza. Nikapeleka faili kukatwa, shiti ya milimita 3, nikalipa.

Nilipoenda kulichukua niliweka vernia, kile kifaa cha kupimia upana kwa milimita. Spoki ikitoka kwenye habu, lile duara dogo la katikati, ilikuwa milimita 3, ikifika kwenye rimu, ile pete ya nje, karibu 21. Huko kwenye habu zilikuwa nyembamba kiasi kwamba joto la plasma lilikuwa limezikunja, mbili unazipinda kwa kidole gumba. Yule mama alipoliona alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza, “Fundi, mbona umenikatia chapati?” Na kweli, zilikuwa vipande sita vya chapati. Nilimwomba radhi, nikabaki na shiti iliyoharibika na hasara yake.

Wikendi iliyofuata nikalitia gurudumu kwenye gunia, nikapanda nalo matatu mpaka darasani. Nikamwonyesha mwalimu: “Mwalimu, spoki zangu zinapanuka zikienda nje. Nifanye nini ziwe na upana mmoja?” Hakukigusa kile chuma. Alitazama skrini yangu labda sekunde tano, akasema programu haikosei, mimi ndiye niliyeichorea hivyo, nirudi nikasome jiometri ya shule ya msingi. Vijana wawili nyuma wakacheka. Akaenda kwa mwanafunzi mwingine, na hakurudi kwangu mpaka saa ya kufunga.

Programu haikukosea, nakubali. Na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu ina maana aliliona kosa palepale na akaondoka nalo mdomoni. Neno moja tu lilitosha: pima umbali, usipime pembe.

Aliyenieleza ni dada anayeendesha mashine ya plasma, na hata shilingi hakuniomba. Alichukua chaki, akachora kwenye meza ya chuma. Mistari ikitoka nukta moja, akasema, kila inavyosonga ndivyo inavyoachana, hakuna dawa. Spoki ya milimita 12 kwenye habu yenye nusu kipenyo cha 30 inachukua kama digrii 23. Ikifika kwenye rimu, nusu kipenyo 200, spoki ileile inachukua digrii tatu na nusu hivi. Sasa utaipimaje kwa digrii?

Akanionyesha: chora mstari mmoja wa kusaidia kutoka kitovuni, ule wa nukta nukta usiokatwa. Weka mistari miwili sambamba nao, mmoja huku mmoja huku, iambie programu ilingane pande zote mbili, kisha andika 12 kati yao. Ncha zisiishie kwenye ukingo wa duara, ziingie kidogo ndani ya habu na ndani ya rimu, vinginevyo utabaki na nyufa ndogo usizoziona mpaka chuma kikatwe. Na usizungushe nakala ndani ya mchoro, maana masharti ya vipimo uliyoiwekea programu yanazidi, yanagongana, mchoro wote unageuka mwekundu. Inua ile spoki moja, yaani ipe unene iwe kitu kizima kwanza, ndipo uizungushe mara 6, halafu utoe faili la DXF, lile la mchoro linalosomwa na mashine ya kukatia, kutoka uso wa juu. Nilipomwambia dada huyo kwamba jirani yangu anataka la spoki 12, akapiga hesabu kwenye simu: nusu kipenyo cha habu kisipungue milimita 23.2, la sivyo spoki zitapandana kabla hazijatoka.

Dakika ishirini, pamoja na chai.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama aende kwenye kozi ile, nilikuwa nimeamua kusema aende, kwa ajili ya vitufe, maana bila chuo kile nisingejua hata kufungua faili. Bado naweza kusema hivyo kwa kijana asiye na kazi ya mteja mkononi. Lakini kila nikiandika hapa nalikumbuka lile gunia miguuni kwangu darasani, na kile kicheko, na naona hapana. Mtu aliyelipa ada, aliyebeba chuma chake mwenyewe kutoka Kariobangi kuja kuuliza swali la kazi, hajibiwi hivyo. Msiende. Au nendeni, lakini mwulizeni mwalimu swali la spoki kabla hamjalipa.

Gurudumu la pili lilitoka milimita 12 kila mahali, nimelipima spoki zote sita, juu, katikati na chini. Liko Kasarani kwenye geti. Cheti changu kiko pale mapokezi ya chuo tangu kozi iishe. Wamenipigia mara mbili nikachukue. Sijaenda.