Axis & Allies 1942: nyambizi tamu, ila bahari haina mizigo

Mimi ni mtu wa bandari. Natoa mizigo ya watu pale Dar, kwa hiyo mchezo wowote wenye bahari kwenye ramani naukagua kama ninavyokagua makaratasi ya kontena. Axis & Allies 1942, toleo la pili, mchezo wa mezani wa Vita vya Pili vya Dunia, kwangu umepita upande wa nyambizi, ukakwama upande wa meli za mizigo.

Madukani hapa mjini sijauona. Wangu umeagizwa nje, na pamoja na usafiri na ushuru ulikaribia laki tatu. Boksi lilifika limebonyea kona, kete zote zimo. Tenga mchana mzima: tukianza baada ya adhuhuri, mara nyingi Isha inatukuta mezani.

Sasa nyambizi. Inauzwa 6 kwa pesa ya mchezo, ndiyo kete ya baharini ya bei rahisi kuliko zote. Destroya, manowari ndogo ya kuwinda nyambizi, ni 8, manowari kubwa 20. Ikishambulia, dadu lazima itoe 1 au 2. Ikijilinda, 1 tu. Ukiangalia namba hizo utasema ni takataka. Utamu wake uko kwenye zamu: nyambizi inarusha kabla ya wengine, na meli iliyozamishwa inaondolewa ubaoni bila kujibu. Mambo yakiwa magumu inapiga mbizi na kujitoa vitani. Ndege nazo haziwezi kuigusa. Ila adui akiwa na destroya hata moja tu, ujanja wote huo umefutika.

Jumapili moja barazani kwetu Tabata, mpwa wangu, aliyeshika upande wa Mwingereza, alipeleka ndege tatu juu ya nyambizi moja ya Mjerumani iliyokaa peke yake Atlantiki. Kashika dadu, anatabasamu. Shemeji yangu hata hakuinua kikombe. "Rusha bwana mdogo, uchoke mwenyewe. Destroya yako iko wapi?" Ilikuwa Bahari ya Hindi, inasindikiza meli tupu ya askari. Tangu hapo kijana hanunui manowari kubwa kabla hajahesabu destroya zake, na hicho ndicho ninachoupendea mchezo huu: kanuni moja fupi inamfanya mtu apange bahari nzima.

Lakini kanuni hiyo imenyooka mno. Katika vita halisi, Februari 1944, msafara wa meli za askari ulitoka Mombasa kwenda Colombo, ukisindikizwa na manowari ya aina ya kruza, Hawkins, na destroya mbili, Paladin na Petard. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa topido, ikazama kwa dakika chache na watu zaidi ya 1,200, wakiwemo askari wa mizinga kutoka huku kwetu Afrika Mashariki. Destroya zilikuwepo, na bado shambulio lilikuwa la kushtukiza. Baadaye ndizo zilizoizamisha I-27. Mchezo umeipata hiyo nusu ya pili tu. Ningependa destroya moja ibane nyambizi moja. Hii ya moja kuzibana tano kwa mpigo ni kumwonea Mjerumani.

Na ndege zimenyimwa haki yake. Mei 1943 Ujerumani ilipoteza nyambizi 41, na sehemu kubwa ilikuwa kazi ya ndege. Humu ndege bila destroya ni mtazamaji.

Hayo ningeyavumilia. Lisilovumilika ni biashara. Nyambizi za Ujerumani zilijengwa kumnyima Mwingereza ngano, mafuta na vyuma. Humu unaweza kuzipanga kuzunguka kisiwa chake chote, na mwisho wa zamu akakusanya mapato yake kamili kana kwamba bidhaa zinashuka mbinguni. Meli ya uchukuzi unayonunua kwa 7 inabeba askari na vifaru, haina habari na gunia la ngano. Matokeo yake, Mjerumani mwenye akili anatumia nyambizi anazoanza nazo, zikiisha pesa yote inakwenda kwa askari wa kumkabili Mrusi. Namwelewa.

Matoleo makubwa ya mchezo huu yanayoitwa 1940 yana dawa: nyambizi ikikaa kwenye bahari ya misafara jirani na nchi ya adui, inarushiwa dadu mbili, na kila inayotoa 3 au pungufu inakata kiasi hicho kwenye mapato ya nchi hiyo. Tumeiazima kanuni hiyo, tukachora alama ya nanga kwa penseli kwenye bahari tulizochagua. Mpwa alilalamika kwamba nimemchafulia ramani. Shemeji kashaanza kununua nyambizi tatu kwa mkupuo.

Nanunua tena? Kwa laki tatu, ndiyo, ilimradi nyumbani kuna wenzako wasionuna wakishindwa. Asiye na mtu wa kukaa naye mezani mchana kutwa aitunze pesa yake. Na dadu za ziada chukua Kariakoo, zilizomo kwenye boksi hazitoshi vita ya baharini ikinoga.