Kulala minshuku ya Ainokura, Japani: uliza kwanza habari za moto

Nyota nne kati ya tano. Ainokura ni kijiji cha Gokayama, mkoa wa Toyama, kilichoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1995 pamoja na Suganuma na Shirakawa-go. Watalii wengi huishia Shirakawa-go. Ainokura ni kidogo na kimetulia zaidi, na baadhi ya nyumba zake za mtindo wa gassho, yaani zenye paa refu la nyasi lenye mwinamo mkali, ni minshuku: familia inakulaza na kukupa chakula cha jioni na cha asubuhi kwa bei moja.

Kabla ya kuweka nafasi, uliza kama irori inawashwa kila siku. Irori ni shimo la moto la mraba katikati ya sebule. Moshi wake hupanda hadi darini, ukakausha nyasi za paa na kufukuza wadudu, na masizi yakazipaka kamba zinazofunga paa yakazilinda. Fremu ya paa haina msumari. Boriti zimefungwa kwa kamba za mabua ya mpunga na fito za neso, yaani miti michanga inayopindika, zinazokunjwa zikiwa mbichi na kukaza zikikauka, kwa hiyo paa hucheza kidogo upepo ukivuma au theluji ikilemea, bila kuvunjika. Mwinamo wake ni nyuzi 60 hivi, theluji iteleze. Moto ukizimwa unyevu hubaki na nyasi huoza mapema, na kuezeka upya hata upande mmoja ni kazi ya msaragambo, ambao wao huuita yui. Nyumba yenye hita ya mafuta ya taa peke yake ni safi, lakini umelala makumbusho.

Chakula nacho hutoka kwenye moto huohuo. Iwana, samaki wa mito ya milimani, huchomekwa kijiti kwa kupindapinda mwili kama anaogelea, mapezi yakapakwa chumvi nyingi yasiungue, kisha husimikwa jivuni kichwa chini, pembeni ya makaa. Si juu ya moto! Akisogezwa karibu, ngozi huungua na nyama ya mgongoni hubaki mbichi. Akiachwa taratibu, karibu saa nzima, mafuta hushuka yakakaanga kichwa, nawe unamla mzima na mifupa yake. Ukiona samaki ameletwa kutoka jikoni baada ya dakika kumi, ujue ni wa grili ya gesi.

Tofu ya Gokayama, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, hukamuliwa chini ya uzito hadi iwe ngumu. Zamani ilifungwa kamba na kubebwa njia za mlimani bila kumeguka. Omba vipande vibichi kwa tangawizi na sosi ya soya, maana ikichemshwa sana ladha ya maharage hupotea. Mboga za porini ni tamu majira ya kuchipua. Wakati wa baridi, mboga nyingi ni zile zilizohifadhiwa kwa chumvi, na hapo achari ya tanipu nyekundu ndiyo inayookoa sahani.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya usiku. Irori hupasha kifua, mgongo ukabaki barafu. Vyumba hutenganishwa kwa milango ya karatasi, kwa hiyo mkoromo wa jirani ni wako pia. Choo na bafu ni vya pamoja. Beba soksi nene na nguo za ndani za sufu, na nguo unayoipenda iache kwenye begi lililofungwa, kwani harufu ya moshi haitoki kwa kufua mara moja.

Basi kutoka Takaoka huchukua takriban saa moja hadi kituo cha Ainokura-guchi, kisha unapanda kwa miguu dakika chache. Safari ni chache kwa siku na chakula cha jioni huandaliwa mapema, hivyo fika alasiri ukiwa na fedha taslimu. Usiyetumia pombe, sema siku ya kuweka nafasi: mirin, divai tamu ya mchele, huingia kwenye michuzi mingi, na mwenyeji hawezi kuitoa chakula kikishaiva. Anayekwepa samaki naye aseme, kwa kuwa supu karibu zote huanzia kwenye mchuzi wa samaki mkavu.