Uzoefu wangu: mche wa paina nyeusi ya Kijapani wa kutengenezea bonsai

Kila nikiweka picha ya mti huu ninaoulea uwe bonsai, yaani mti unaofanywa ubaki mdogo chunguni lakini uonekane mzee, naulizwa bei, mahali nilikoupata na kama mtu asiye na uzoefu anaweza kuumudu. Basi nijibu wote kwa pamoja.

Nilinunua mche wa paina nyeusi ya Kijapani, kitaalamu Pinus thunbergii, wenye umri wa miaka minne, ukiwa kwenye chungu cha plastiki cha kawaida. Dola 55 na nauli ya kusafirisha ndani yake. Nipo Maryland, kwa hiyo bei ni za huku Marekani. Kwa muuzaji mwingine nikaagiza rola ya waya wa alumini wa kupindia matawi na mfuko wa udongo wa bonsai. Mche naupa nyota tano, waya tatu. Udongo tutafika.

Kwa nini mche, wakati bonsai zilizokwisha kutengenezwa zimejaa madukani? Karibu na Krismasi hapa utakuta vimti juu ya sinia la kauri, kokoto zimegandishwa kwa gundi juu ya udongo hata maji hayapiti. Vingi wala si paina, ni ndugu za mtarakwa. Lakini tatizo kubwa ni shina. Mti ukishabanwa kwenye chungu kidogo, shina karibu linaacha kunenepa, na shina nene chini, jembamba juu, ndilo linaloufanya mti mdogo uonekane mzee. Ukinunua chenye shina la unene wa penseli ndani ya sinia, umenunua penseli ya kudumu. Mche wa kwenye plastiki bado una nafasi ya kukua, na mkulima aliyeniuzia alikuwa ameshaupinda shina ungali laini. Kazi hiyo ukichelewa, shina likishakuwa gumu, ni shida kweli.

Ulipofika nilikagua vitu viwili. Sindano zake, yaani majani yake membamba, zimeota mbilimbili, ngumu, za kijani kibichi kizito, zinachoma. Na vichipukizi vya kwenye ncha ni vyeupe, kama vimevikwa hariri. Paina nyekundu ya Kijapani nayo ina sindano mbilimbili, ila vichipukizi vyake vina rangi ya kahawia yenye wekundu. Kwa hiyo sikuuziwa kingine.

Mama yangu yuko Mafinga, kule Mufindi, kusini mwa Tanzania. Kule paina ni mbao, na mbao ndiyo ada ya shule. Msitu wa Sao Hill uko jirani. Nilipomwonyesha mti huu kwa simu akauangalia kimya, kisha akauliza, "Mwanangu, huu utatoa mbao ngapi?" Nikamwambia hautoi hata kijiti cha kuchokolea meno. Akauliza tena, "Na hayo mawaya, mti umekukosea nini?"

Wanaoniuliza kama wanaweza kuchukua ile paina ya Mufindi: hiyo ni Pinus patula, asili yake Mexico, sindano zake huota tatutatu, ndefu, zinaning'inia. Mti mzuri, lakini sindano ndefu kuliko tawi zinaharibu kipimo cha bonsai. Nyeusi inasifiwa kwa sababu sindano zake zinaweza kufupishwa. Mwanzoni mwa kiangazi, kwangu ni kati ya Juni mwishoni na Julai mapema, unakata machipukizi yote mapya ya masika, yale yanayosimama wima kama mishumaa. Mti unatoa machipukizi ya mara ya pili, na kwa kuwa muda wa kukua uliobaki ni mfupi, sindano zinatoka fupi. Lakini hii ni kwa mti wenye nguvu, uliolishwa mbolea vizuri tangu masika, na ambao umbo lake limekaribia kukamilika. Wangu bado haujafika huko. Nimeuachia tawi moja la chini likue linavyotaka, refu, halina adabu, kazi yake ni kunenepesha shina tu. Siku shina likitosha nalikata. Wageni wanadhani nimelisahau. Na mwenye paina nyeupe ya Kijapani, ile ya sindano tanotano, asithubutu ukataji huu: hiyo hutoa machipukizi mara moja tu kwa mwaka.

Waya sasa. Alumini ni laini, hata mtu wa mara ya kwanza anaumudu, na ule niliopata ulikuwa na rangi ya kahawia isiyokera macho. Kwa matawi membamba sina lawama. Kwa tawi nene la paina, ukiachia mkono tu linarudi lilikotoka. Baadaye nikanunua waya wa shaba iliyochomwa moto ikalainika, ambao ukishapindwa unakuwa mgumu na kushika. Ghali zaidi, lakini mwembamba wake unafanya kazi ya alumini nene. Kama mfuko unaruhusu, anza na shaba. Unene wa theluthi moja ya tawi unatosha, uzungushe kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, na msimu mzuri ni vuli kuelekea baridi. Masika kagua mara kwa mara kwa sababu tawi likinenepa waya unazama kwenye gome. Kuutoa, ukate vipandevipande kwa koleo. Ukiufungua kwa kuuzungusha utavunja tawi.

Udongo: mfuko ulidai ni mchanganyiko wa akadama, yaani punje za udongo wa mfinyanzi kutoka Japani, pamoja na jiwe la povu na jiwe la volkano. Nilipochekecha, sehemu kubwa ilikuwa vumbi. Vumbi likiziba hewa, mizizi ya paina inaoza. Nyota moja, na ni kwa ajili ya mfuko wenyewe, ambao ni imara. Sasa nanunua kila kimoja peke yake na kuchanganya mwenyewe. Ukihamisha mti, masika kabla chipukizi hazijarefuka, usioshe mizizi yote ikabaki mitupu. Utando mweupe utakaouona humo si ukungu wa ugonjwa. Ni kuvu wanaosaidia mizizi kufyonza maji na chakula.

Mwenye kutaka kuona bonsai ya paina inaweza kufika wapi, aende Washington kwenye jumba la bonsai ndani ya bustani ya miti ya taifa, US National Arboretum. Kuingia ni bure. Humo kuna paina nyeupe ya familia ya Yamaki, iliyoanza kulelewa mwaka 1625. Ilikuwa Hiroshima siku bomu lilipoanguka mwaka 1945, ikapona, na mwaka 1976 Wamarekani wakapewa zawadi. Asili yake hiyo ilikuja kujulikana huku mwaka 2001, wajukuu wa mzee Yamaki aliyeutoa mti huo walipokuja kuutazama.

Nisingempendekezea mche huu mtu anayetaka mti wa mezani sebuleni. Paina inataka jua kutwa nzima na baridi ya kuipumzisha. Ndani ya nyumba inakufa polepole. Wangu unakaa roshani mwaka mzima, na kwenye baridi kali nausogeza ukutani na kuzungushia chungu matandazo.

Na ndugu zangu wa Tanga, Dar na Mombasa, msihangaike kuuagiza. Chukueni mvinje. Waindonesia wanautengenezea bonsai nzuri sana, unafanana na paina hata kwa mbali usijue, joto na chumvi vya pwani hauvijali, na mche wake kitaluni ni bei ya soda.