Deraya ya Stormtrooper: Seti Mbichi ya ABS Mezani

Habari zenu watazamaji, karibuni. Sanduku mnaloliona hapa ni kubwa kama la friji ndogo, na ndani yake kuna plastiki nyeupe tu. Hakuna mkanda, hakuna kifungo, hata skrubu moja hakuna. Hii ndiyo seti mbichi: vipande zaidi ya 30 vya plastiki ya ABS, vilivyopashwa moto vikavutwa na ombwe juu ya kalibu, na bado vina plastiki ya ziada pande zote. Ni deraya ya Stormtrooper, yule askari wa deraya nyeupe, wa filamu ya kwanza ya Star Wars, ile ya 1977.

Jibu la swali mnalouliza kila mara nalitoa sasa hivi: ndiyo, inafaa kununuliwa. Ila ukiivaa kwa kufuata mistari ya kukatia aliyoiweka mtengenezaji, utaonekana umevaa ndoo. Mistari ile imepigwa kwa mwili wa wastani, na mwili wa wastani hauna mwenyewe.

Kabla ya mkasi, kuna jambo moja la kufanya siku sanduku linapofika. Chukua kila kipande ukiinue mbele ya taa kali. Nasogeza kamera hapa. Hili ni bamba la kifua. Katikati ni jeupe zito, taa haionekani. Tazama sasa hii pembe ya chini: mwanga unapenya, unakuwa kama wa njano. Plastiki ikivutwa kwenye kona yenye kina hunyooka na kuwa nyembamba, ndiyo maana bamba la milimita 2 linaweza kubaki chini ya 1 penye pembe. Kipande kikipitisha mwanga hivi kwenye kona moja au mbili, si kosa, ni tabia ya kazi yenyewe. Utabandika kipande cha ABS kwa ndani. Kikipitisha mwanga sehemu tambarare, rudisha. Seti hii ina pembe mbili za kuimarisha, hizi za kifua, na ncha ya juu ya bamba la kinena. Nimeona mbaya zaidi.

Upande wa uhalisia wa maumbo, hapa seti imenifurahisha. Shikeni helmeti muitazame usoni: jicho la kushoto na la kulia hayalingani. Msimwandikie muuzaji kumlalamikia! Umbo la helmeti za 1977 lilichongwa kwa mkono na halikuwa na ulinganifu, kwa hiyo ukikuta yenye pande mbili zinazofanana kabisa, jua imechorwa kwenye kompyuta. Itapendeza, lakini macho yaliyozoea yataikataa. Na kwa wanaotaka kuingia 501st Legion, kikundi cha mashabiki wa Star Wars wanaovaa mavazi ya filamu hizo, kilichoanzishwa 1997, vigezo vyao vya kila kipande vimeandikwa wazi. Visomeni kabla ya kukata, maana plastiki ikishakatwa hairudi.

Sasa kukata. Tumia mkasi wa ncha iliyopinda, ule wa kukatia magamba ya magari ya kuchezea ya rimoti. Penye mstari mrefu ulionyooka usipoteze muda na mkasi: weka rula ya chuma, pitisha kisu mara tatu au nne bila kukandamiza, kisha kunja. Plastiki inavunjika yenyewe kwenye mstari, tena safi. Mahali mkasi na kisu vinapoharibu kazi ni kona za ndani. Kona kali ya ndani ni mbegu ya ufa. Toboa kwanza tundu la milimita 3 kwa keekee pale kona itakapokuwa, halafu kata kuelekea kwenye tundu. Ufa hauna pa kuanzia kwenye duara. Ukingo wowote uliokatwa umalizie kwa tupa, kisha msasa namba 220, hasa kwapani na nyuma ya goti.

Anzeni na vigasha. Ni vidogo, na mkikosea hasara si kubwa. Kila kiungo cha mkono na mguu kina nusu mbili zinazokutana uso kwa uso bila kupandana, na utepe wa plastiki hubandikwa juu kufunika mshono. Mikononi utepe una upana wa milimita 15. Miguuni ni 20 kwa mbele, na nyuma hadi 25. Hesabu yake ni rahisi: utepe wa 15 unahitaji milimita 7.5 za sehemu tambarare kila upande wa mshono, na wa 20 unahitaji 10. Ukiacha zaidi ya hapo, utepe utaelea katikati ya bonde, yaani hiyo sehemu tambarare. Ukiacha pungufu, utapanda kwenye tuta, ule ukingo ulioinuka kando ya bonde, na hautashika.

Swali linalokuja hapa ni hili: kama kigasha kinanipwaya, napunguza wapi? Nyuma. Daima nyuma. Mshono wa mbele ndio unaoonekana, na bonde lake lazima libaki katikati na lenye upana uleule juu mpaka chini. Ukigawanya upungufu mbele na nyuma, bonde litapinda na mkono utaonekana umesokotwa. Funga kwanza kwa selotepu ya karatasi, vaa, kunja mkono mpaka vidole viguse bega, ndipo uweke alama ya penseli. Kwenye kifundo cha mkono, ondoa ule ukingo uliokunjwa kwa ndani, la sivyo kiganja hakipiti.

Miguu ndiyo inayokula muda, na ndiyo inayoumiza watu. Paja lina hitilafu moja inayojirudia: juu ni pana, chini limebana goti. Kabla ya kupunguza chochote, livae juu ya nguo nyeusi ya ndani utakayoitumia siku yenyewe, si juu ya jinzi. Nyuma ya goti, kata paja na muundi kwa mkunjo kiasi kwamba ukipiga magoti vipande viwili havigongani. Mbele usiguse, urefu wa mbele ndio unaompa askari huyu umbo lake. Muundi hufunguka kwa nyuma, kwa velkro au vifungo, kwa hiyo mshono wa mbele tu ndio unaogundishwa moja kwa moja. Bamba kubwa la goti linakaa mguu wa kushoto. Kisanduku cha risasi, paja la kulia. Kuna watu hubadilisha, na picha moja tu inawafichua.

Muundi ukiwa umefunguka sana kwa nyuma, usikimbilie mashine ya hewa moto. ABS hukumbuka kwamba ilikuwa bapa. Ukiizidishia joto mahali pamoja inajikunja kurudi ilikotoka, na mng'ao unakufa. Chemsha sufuria pana ya maji, iondoe motoni, na maji yakishuka kati ya nyuzi 80 na 90 za Selsiasi chovya ukingo kwa nusu dakika hadi dakika moja. Vaa glavu nene. Kunja kupita kidogo unapotaka, shikilia, kisha tumbukiza kwenye maji baridi. Rudia taratibu. Mara tatu za upole zinashinda mara moja ya pupa.

Gundi: E6000, wala sibishani. Inabaki na unyumbufu ikikauka, na ukikosea unaweza kuichokonoa na kuitoa bila kuharibu plastiki. Kwaruza pande zote mbili kwa msasa namba 120, futa vumbi kwa pombe ya isopropili, paka, subiri dakika mbili mpaka inate, kisha bana kwa sumaku kila baada ya sentimita 3 au 4. Masaa 24 kabla ya kugusa, 72 kabla ya kuvaa. Fungua madirisha, harufu yake si ya mchezo. Supaglu inashika haraka, kweli, lakini ikikauka ni kioo: paja likigonga kiti, mshono unapasuka, na huacha ukungu mweupe kwenye plastiki inayong'aa.

Kwenye kiwiliwili, tatizo ni ubavu. Bamba la tumbo na lile la nyuma ya kiuno yanatakiwa yakutane, au yaachane kidogo sana. Mwenye kiuno kipana atabaki na pengo, na dawa yake ni kipande cha nyongeza. Chukua mabaki ya seti ileile, maana weupe wa ABS hutofautiana, yakate vipande vidogo, uyaloweke kwenye asetoni ndani ya chupa ya kioo usiku kucha mpaka yawe kama uji mzito. Gundisha nyongeza, imarisha kwa ndani, halafu jaza mshono kwa uji huo tabaka jembamba jembamba. Hunywea unapokauka, kwa hiyo acha siku nzima kati ya tabaka na tabaka. Ukipaka nene, asetoni italainisha bamba lenyewe na litabonyea. Maliza kwa msasa namba 240, 400, 800, 2000, kisha polishi ya plastiki.

Mikanda hamjapewa, na hapa muuzaji namlaumu kidogo, angalau angeweka vifungo. Tengeneza vipande vya nailoni vya sentimita 5 kwa 5, kila kimoja na kifungo cha kubonyeza, uvigundishe ndani ya mabamba. Angalieni hili kwa karibu: tundu la kifungo silikati kwa mkasi, nalitoboa kwa ncha ya chuma cha kulehemu. Nailoni inayeyuka, ukingo wa tundu unakuwa mgumu kama pete, nyuzi hazichomoki. Tundu la mkasi linaweza kupanuka ukiwa umevaa, na kifungo kikaponyoka. Mabegani weka lastiki pana ya milimita 50, ubavuni mkanda wa nailoni wa 25 usionyumbuka.

Helmeti ina mitego yake. Kwa toleo la askari wa kawaida, toboa meno manane mdomoni. Toleo la mhusika mkuu lina sita, na lenzi zake zimebinuka badala ya kuwa bapa. Michirizi ya bluu mashavuni ilichorwa kwa mkono, kwa hiyo stika iliyonyooka kama rula inaonekana ni stika. Masikio yapunguzeni milimita moja moja mpaka yakae bila mwanya. Jioni nzima itaisha hapo. Ndani weka feni mbili za milimita 40 za volti 5, zielekee kwenye lenzi, kwa sababu zikielekea usoni lenzi hupata ukungu na unatembea kipofu.

Anayefikiria kuchapa deraya kwa 3D: PLA, plastiki inayotumika sana kwenye printa hizo, huanza kulainika karibu nyuzi 60, na buti ya gari lililoanikwa juani inaweza kulifikia joto hilo. Kipande chake cha bega kitafika kimelala. ABS haina shida hiyo, ila mwanga wa jua huifanya njano, basi ihifadhini gizani.

Jaribio la mwisho: vaa kila kitu, panda ngazi kumi, piga goti moja, halafu simama bila kushika ukuta. Panapokubana, weka alama ya penseli papo hapo, kabla hujavua.