Miezi minane na msaidizi wa kidijitali: masikio anayo, saa ndiyo inamshinda

Mimi ni mtu wa vikaratasi. Kwa miaka mingi kazi zangu ziliishi nyuma ya risiti, pembeni mwa bahasha, na kwenye kiganja cha mkono wa kushoto pale kalamu ilipokuwa karibu kuliko karatasi. Nahariri maandishi ya watu nikiwa nyumbani, nina watoto wawili wanaosoma, na wiki ikianza huwa nina ahadi kama thelathini, nusu yake zimo kichwani tu. Zikaanza kunidondoka. Iliyoniuma zaidi ni ya mteja aliyesubiri sura mbili za kazi yake siku nne nzima. Nilikuwa nimeshazimaliza. Nilichosahau ni kuzituma.

Hapo ndipo nikaamua kumjaribu msaidizi wa kidijitali, hawa wa kuongea nao kwa sauti au kuwaandikia kwenye simu. Si wageni tena: Siri wa Apple alitoka mwaka 2011, Alexa wa Amazon 2014, Msaidizi wa Google 2016, na siku hizi wamekuja hawa wa akili mnemba wanaopiga soga kama jirani. Wangu ni wa kundi hili la mwisho, na Kiswahili anakielewa. Jina lake silitaji, maana nina maneno naye.

Nianze na kinachonifanya nisimfute. Jioni moja nilikuwa naosha vyombo, povu hadi kwenye viwiko, nikakumbuka kwamba sijamjibu mwalimu wa mtoto wetu mdogo. Zamani ningejiambia "nikimaliza hapa nitaandika," na nikimaliza ningekuwa nimeshawaza mengine. Safari hii nikasema kwa sauti tu: "Nikumbushe kesho asubuhi kumjibu mwalimu." Akarudia, nikasikia, nikaendelea na sufuria. Ndiyo hivyo tu. Lakini ukihesabu ni mara ngapi kwa siku wazo la maana linakukuta mikono imeshikwa, au uko njiani, au umelala na taa imezimwa, utaona kwamba hizo sekunde tano ndizo zinazouza bidhaa yote.

Usingizi wangu pia umetulia, jambo ambalo sikulitarajia. Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha utafiti mwaka 1927 akionyesha kwamba kazi iliyoachwa katikati hung'ang'ania kumbukumbu kuliko iliyokwisha. Mwaka 2011 watafiti Masicampo na Baumeister wakaongeza kitu kilichonigusa: si lazima uimalize kazi ndipo ikuache, kuipangia tu namna na wakati wa kuifanya kunatosha kuinyamazisha. Mimi ni shahidi. Ila niligundua kwamba kusema tu jina la kazi hakunyamazishi chochote. Mwanzoni nilikuwa nasema "kitabu cha mteja," na baada ya siku mbili arifa inakuja, "Kitabu cha mteja." Kipi? Nikifanye nini? Naitazama kama barua ya mtu mwingine. Sasa kila kazi naianza na kitenzi: tuma sura ya tano, piga simu, lipia, uliza. Kitenzi kikikosekana, ujue bado sijaamua.

Sasa tuje kwenye saa. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza, mashine inaanza usiku wa manane, tofauti ni sita, na mtoto yeyote wa shule anaijua. Wiki ya kwanza nilimwambia, "Nikumbushe saa mbili usiku kutuma ankara." Akajibu kwa adabu zote: "Sawa, nitakukumbusha saa mbili usiku." Saa mbili ikafika, kimya. Saa tatu, kimya. Nikalala. Saa nane za usiku simu ikalia kando ya kitanda, nikaruka roho mkononi, maana simu ya saa hizo huwa haina habari njema. Nikaipapasa gizani, kioo kikang'aa usoni: TUMA ANKARA. Baba watoto akauliza ni nani amefariki.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba huwezi kulisikia. Anarudia maneno yako vilevile, nawe unaridhika, kumbe kwenye kalenda ameandika 02:00. Nilimweleza kwamba mimi nataja saa za Kiswahili, kwa hiyo ahesabu sita mbele. Akanishukuru kwa ufafanuzi. Alitii siku tatu, kisha akaanza kuchanganya: saa kumi jioni anaweka 16:00 sawasawa, saa moja asubuhi anaweka 01:00. Nimeacha kubishana. Nikitaka saa mbili usiku naandika 20:00 kwa tarakimu, na kabla sijaweka simu chini naangalia kioo. Kama unamtumia kwa Kiswahili, usipuuze hili hata kidogo, hasa kwa mambo ya dawa na safari.

Kosa la pili ni zito zaidi, ingawa lilinitokea mara mbili tu. Nilimwomba aongeze kazi tatu kwenye orodha, akasema, "Nimeshakuwekea." Kesho yake orodha haikuwa na hata moja. Nilidhani nimeota. Baadaye nikaelewa mambo yanavyokwenda ndani: anayeongea na anayeandika orodha si mmoja. Upande wa maongezi unatunga maneno, na ili kazi iandikwe kweli lazima upande huo uitume amri kwenye programu ya orodha au kalenda. Amri isipokwenda, kwa mfano idhini ya kuunganisha imekatika baada ya kusasisha simu, maneno yanaweza kuendelea kutiririka tu kana kwamba kila kitu kimefanyika. Katibu wa kawaida akisema ameandika, angalau kuna daftari ananionyesha. Huyu nimejifunza kumdai. Nasema "nisomee orodha ya kesho," na kama kazi haimo kwenye alichosoma, basi haipo.

Kuna na hii ya tarehe 31. Niliweka kikumbusho cha kila mwezi, tarehe 31, cha kufunga hesabu za wateja. Mwezi wenye siku 30 ukapita bila hata mlio. Mashine ilikuwa sahihi kabisa, tarehe 31 haikuwepo! Tafuta kwenye mipangilio chaguo la "siku ya mwisho ya mwezi."

Halafu likaja tatizo ambalo si lake, ni langu. Kwa kuwa kuongeza kazi kulikuwa rahisi mno, nikawa naongeza kila kitu. Panga picha za zamani. Jifunze programu ya michoro. Soma ile makala. Msaidizi hana uso wa kuchoka, hakukunjii ndita, hakuulizi "na hii utaifanya lini?" Mwezi wa tatu nilihesabu nikakuta kazi 143. Kikaratasi kina kingo zake, kikijaa kimejaa. Huku hakuna ukingo.

Nikamwambia anichagulie tatu za siku hiyo. Akachagua kwa kufuata tarehe zilizo karibu, na ya kwanza kwenye orodha ikawa kubadilisha picha yangu ya wasifu, ambayo niliipa tarehe ovyo ovyo tu siku naiweka. Mkataba wa mteja ulikuwa chini kabisa kwa sababu haukuwa na tarehe. Uzito wa jambo yeye haujui, anajua tarehe. Tangu siku ile natoa tarehe kwa kazi ambayo kuchelewa kwake kuna mtu ataumia au kuna faini; nyingine zote zinakaa kwenye orodha ya pili isiyolia wala kutikisa simu, naipitia Ijumaa jioni na kufuta bila huruma. Kati ya zile 143 nilifuta 90 kwa nusu saa, na hadi leo hakuna hata moja iliyorudi kunidai.

Kuvunja kazi kubwa vipande anaweza, ila ana maneno mengi. Nilimpa kazi ya kuandaa mswada wa kurasa mia mbili kwa ajili ya kuchapwa, akanipa hatua kumi na mbili, ya kwanza ikiwa "andaa mahali tulivu pa kufanyia kazi." Nilibakiza tano. Hizo tano zilikuwa nzuri kweli, na moja, ya kuhakiki namba za kurasa kwenye yaliyomo, ningeisahau.

Kuhusu faragha sina uchawi wa kukupa. Mwaka 2019 ilifichuka kwamba wafanyakazi waliajiriwa kusikiliza vipande vya rekodi za watumiaji wa wasaidizi wa Amazon, Google na Apple ili kuboresha huduma. Kwa hiyo majina kamili ya wateja wangu simtajii, natumia herufi za mwanzo, na historia ya sauti naifuta. Nakala ya orodha nzima pia naihamishia kwenye faili la kawaida kila mwezi. Wunderlist, programu ya orodha za kazi, ilikuwa na watumiaji mamilioni, Microsoft wakainunua mwaka 2015, na Mei 2020 ikafungwa. Programu ya orodha ni nyumba ya kupanga.

Mwezi uliopita tulifungua orodha ya pamoja, mimi na baba watoto. Siku ya kwanza raha, kila mmoja anaona la mwenzake. Siku ya pili nimekaa na kazi ya mteja, simu ikalia: "Tafuta cheti cha kuzaliwa cha mkubwa." Nikapaza sauti kuelekea sebuleni, "Nani kaweka hii?" Akajibu kwamba msaidizi ndiye aliyeweka. Kweli, aliyeweka ni msaidizi, lakini mdomo uliomtuma naujua. Tumekubaliana kwamba hakuna kuingiza kazi kwenye upande wa mwenzako bila kumwambia kwanza ana kwa ana. Cheti amekitafuta yeye.